Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa kidato cha pili: toeni kwanza, ndipo mgawanye

Wajukuu zangu, salaam.

Nimefundisha hisabati hadi nikastaafu, na bado jioni madaftari yenu hunifuata barazani. Kosa ninalokutana nalo humo ni lile lile, tena kwa watoto wenye akili kabisa. Mkiulizwa kitu fulani kinabadilika kwa kiwango gani, mnakamata namba ya mwisho na kuigawanya kwa muda.

Juzi mjukuu wangu mmoja alikuwa akipima tangi la maji uani, bomba likitiririka polepole. Saa 2 asubuhi alitumbukiza ufito, ukaloa hadi sentimita 30. Akatia alama kwa kipande cha mkaa. Saa 7 mchana ukaloa hadi 80. Akaandika: 80 gawanya kwa 5, jibu 16. Nikamuuliza, "Hizo 30 za asubuhi nazo zimeingia leo?" Akaugeuza ufito, akaitazama ile alama ya mkaa. "Hapana babu, zilikuwemo tangu jana."

Basi akatoa: 80 toa 30, zinabaki 50. Muda uliopita ni saa tano (za kuhesabu, si saa tano ya ukutani). Sentimita 10 kwa saa. Nikamtaka abashiri maji yatafika wapi saa 9 alasiri. Akasema 100. Saa 9 ilipofika alikimbia na ufito wake kabla sijamkumbusha, akarudi na 98. Alihuzunika, mpaka alipomwona mama yake anafua: ndoo moja ilikuwa imechotwa.

Darasani mtaikuta kazi hiyo hiyo imevaa herufi, tena kwa Kiingereza: y ya pili toa y ya kwanza, chini yake x ya pili toa x ya kwanza (kwa tangi letu, y ni kimo cha maji na x ni saa). Ukichora mstari, jibu hilo ndilo mteremko wake. Miaka mingi mimi mwenyewe nilianza na herufi ubaoni kabla ya tangi. Wanafunzi wangu wengi walizikariri bila kujua ni kitu gani kinachobadilika, na hilo linaniuma hadi leo.

Namba utakayoanza nayo juu, mwenzake aanze chini. Ukichanganya, alama ya jibu inageuka. Tena msifute alama ya hasi mkidhani mmekosea. Tuseme LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilisoma yuniti 42 Jumatatu jioni, na Ijumaa jioni inasoma 18. 18 toa 42 ni hasi 24. Siku ni nne. Jibu ni hasi 6 kwa siku. Hiyo hasi ndiyo inayosema umeme unapungua, na kwa mwendo huo zilizobaki zitakwisha Jumatatu jioni. Semeni "yuniti 6 kwa siku" kwa ukamilifu, maana sita tupu haimwambii mtu kitu.

Sasa lipo jambo ninalolipenda kuliko yote. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Toeni: 16,812,197. Gawanyeni kwa miaka 10, mnapata kama watu 1,681,000 na ushei kwa mwaka. Rudini nyuma: mwaka 1967 tulikuwa kama milioni 12.3, na 1978 kama milioni 17.5. Ongezeko ni milioni 5.2 kwa miaka 11, yaani karibu laki nne na sabini elfu kwa mwaka. Nchi ile ile, lakini kiwango chenyewe kimezidi mara tatu! Mkiziweka nukta hizo kwenye karatasi ya miraba na kuziunga, hampati mstari mmoja ulionyooka. Kila kipande kina mteremko wake. Tena kila kiwango hapo ni wastani tu. Hakisemi kwamba mwaka 2015 peke yake uliongeza idadi hiyo hasa, kama vile sentimita 10 zetu hazikujua habari ya ndoo ya kufulia.

Leo kabla ya kulala someni mita ya umeme nyumbani, muandike namba na saa. Kesho alfajiri someni tena. Kisha rudieni mchana wakati pasi na friji zinafanya kazi, muweke viwango hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja. Jumamosi nitakuwa barazani baada ya alasiri. Njooni na madaftari.

Babu yenu, mwalimu mstaafu.