Barua ya wazi kwa Rais wa FIA: Wagombea ubingwa wa WRC2 wakutanishwe barabarani

Mheshimiwa Rais Mohammed Ben Sulayem,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia wewe kwa sababu kabla ya kuiongoza FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ulikuwa dereva, bingwa wa rali za Mashariki ya Kati mara 14. Aliyewahi kushika usukani akisubiri sekunde za kuondoka zihesabiwe atanielewa upesi.

Msimu wa 2024 wa WRC2, daraja la pili la ubingwa wa dunia wa rali (WRC), ulimalizika Japani tarehe 24 Novemba. Sami Pajari wa Finland alikuwa bingwa kwa pointi 126, na Oliver Solberg wa Sweden akabaki na 123. Tofauti ilikuwa pointi tatu tu! Wote wawili wamezaliwa mwaka 2001. Mmoja alikuwa na Toyota GR Yaris, mwingine Škoda Fabia, magari ya daraja lile lile la Rally2. Mtu angetarajia kuwaona siku ya mwisho wakifukuzana mkondo kwa mkondo, yaani kila kipande cha barabara kinachopimwa muda. Lakini Solberg alikuwa ameshamaliza duru saba alizoruhusiwa. Pajari alibakiwa na moja, akihitaji nafasi ya pili, na akaipata.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na simu mkononi nikifuatilia muda wa kila mkondo, na kila jina la Pajari lilipojitokeza, macho yangu yalishuka yenyewe kumtafuta Solberg. Hayumo. Mkondo unaofuata, natafuta tena. Hayumo.

Simwondolei Pajari haki yake hata chembe. Yeye na mwelekezi wake anayemsomea njia garini, Enni Mälkönen, walikwenda walikotakiwa kwenda. Tena kupunguza mwendo bila kupoteza nafasi, kwenye lami nyembamba ya milimani iliyotapakaa majani, nadhani ni kugumu kuliko kukimbia.

Ninacholalamikia ni kanuni. Mwaka 2024 dereva wa WRC2 alichagua duru zisizozidi saba kati ya 13 za msimu, kisha akahesabiwa matokeo sita bora. Naelewa ilikotoka. Wengi katika daraja hili wanajitafutia fedha wenyewe, na kusafirisha gari, vipuri na mafundi hadi Kenya, Chile au Japani si mchezo. Kuwalazimisha wakimbie duru zote 13 kungewafukuza wengi wao, na sikuombi hilo.

Ila tazama kinachotokea. Pointi 25 za ushindi ni zile zile, uwe umewashinda wapinzani wako wakuu wote au umeshinda duru ambayo nusu yao hawakuiandikisha. Mmoja anavuna kwenye theluji, mwenzake kwenye changarawe, halafu tunajumlisha hesabu kana kwamba walipita njia moja. Siku hizi timu inakaa na kalenda na kikokotoo ikipima nani ataenda wapi, na uamuzi huo unaweza kuwa na uzito sawa na kasi ya dereva. Wala jambo hili halikuanza 2024: mwaka 2022 Andreas Mikkelsen naye alikuwa amemaliza duru zake, Emil Lindholm akautwaa ubingwa huko huko Japani.

Dawa iko nyumbani kwako, Mheshimiwa. Kwenye Junior WRC, chini kabisa ya ngazi, mwaka 2024 vijana wote waliendesha Ford Fiesta Rally3 zinazofanana, na duru zao zilikuwa tano tu, zile zile kwa kila mmoja. Romet Jürgenson wa Estonia alipokuwa bingwa mwaka huo, hakuna aliyeuliza angefanya nini kama fulani angekuwepo. Walikuwepo.

Basi naomba hivi: waachieni madereva wa WRC2 uhuru wa kuchagua duru tatu au nne, lakini wekeni tatu za lazima kwa kila anayetaka ubingwa. Moja ya changarawe, moja ya lami, na ya tatu iwe duru ya mwisho wa msimu. Zitangazwe mapema ili timu zipange bajeti na usafiri.

Mwaka 2025 kalenda ilifungwa Saudi Arabia kwa mara ya kwanza, kwenye jangwa la ukanda wako mwenyewe. Muda wa kubadili kanuni za msimu huo umeshapita, basi kanuni hii ianze msimu ujao. Ningependa usiku mwingine kama ule niyaone majina yote mawili kwenye orodha moja, na sekunde zikipungua kati yao.

Wako katika mapenzi ya rali,
Mfuatiliaji wa WRC2