Idi Mubarak kutoka Wete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwezi umeandama, alhamdulillahi, na funga imetimia. Kwa mliopo Wete, Chake, Mkoani na Micheweni, kwa jamaa wa Unguja, mjini na shamba, kwa mlioko bara, Mombasa, Muscat na kwengineko: Idi Mubarak. Mola atutakabalie funga zetu, awarehemu waliofuturu nasi mwaka jana na mwaka huu hatukuwa nao, na awape afya wagonjwa walioshindwa kufunga hali nyoyo zao zilitaka.

Salamu za Idi huwa fupi. Safari hii mtanivumilia niseme na habari ya usalama wetu katika zama za simu na mitandao, na sababu ni usiku wa kuandama mwezi.

Mnaujua usiku ule. Uji wa futari haujapoa, watu washatoka nje kutazama magharibi, redio imefunguliwa sauti juu kungojea tangazo la Mufti. Zamani tangazo likishatoka ndio basi, watoto wanaruka, mama zao wanarudi jikoni. Siku hizi Mufti hajafungua kinywa, simu zishasema. Moja inasema mwezi umeonekana Tumbatu. Nyengine inasema Kenya wameshatangaza. Halafu inakuja barua yenye nembo, mhuri na saini, imeandikwa kwa lugha ya ofisi kabisa, na ni ya uongo. Wanaoisambaza ni watu wazima, wenye akili zao timamu, na mmoja wao ni maalim wa chuo ambaye heshima yake inanizuia kusema zaidi.

Mtu atasema hilo dogo, hasara yake ni biriani kupikwa siku moja kabla. Sikubaliani naye. Aliyeweza kutunga barua ya Mufti ikaaminiwa mtaa mzima kwa nusu saa, kesho atatunga ya Mkuu wa Mkoa, keshokutwa ya benki, na siku ya kura atatunga ya Tume. Usalama wa taifa umeshahamia huko kwenye simu na mitandao, na wengi wetu tungali tunautafuta baharini. Tuna haki ya kuutafuta baharini, maana sisi ni watu wa visiwa, na Pemba khasa tumekua na habari za magendo. Msimu wa karafuu ukifika KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, hawalali, kwani bei ya upande wa pili ikipanda, karafuu huvuka usiku kuelekea pwani ya Kenya. Lakini mali inayoibwa siku hizi, taarifa za watu na fedha za kwenye simu, haina harufu wala haihitaji chombo.

Na chini ya bahari hiyo hiyo ndiko uhai wetu ulikopita. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliozamishwa kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, wa megawati 45, na kisiwa kizima kikautegemea huo huo. Mwezi wa Mei 2008 umeme ukakatika, Unguja ikakaa kizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Waliokuwapo mjini hawahitaji kuelezwa: pampu za maji zimesimama, wanawake na watoto wako njiani na ndoo tangu alfajiri, samaki hana barafu kwa hiyo auzwe sasa hivi kwa bei yoyote, na kila penye uwezo pananguruma jenereta. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya dizeli pale Wesha, nayo yalikuwa na visirani vyake, mpaka waya wetu wa kutoka Tanga ulipofika katikati ya 2010. Unguja ilipata waya wake wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013, kwa fedha za Marekani. Mkataba wa fedha hizo ulikuwa umeshatiwa saini mwanzoni mwa 2008, kabla ya kiza cha kwanza, ila kiza hakikungoja mafundi wamalize.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Kila ninaposikia hotuba ya uchumi wa kidijitali, mimi nauliza habari ya waya wa pili.

Intaneti nayo, vijana wengi wanadhani inashuka kutoka juu kwa sababu minara iko juu. Sehemu kubwa yake inapita chini ya bahari vile vile. Na visiwa hivi si wageni wa mambo hayo, kwani tangu mwaka 1879 waya wa telegrafu wa Waingereza ulikuwa ukitoka Aden, unapita Zanzibar, unaendelea Msumbiji. Jengo la simu la zamani pale Shangani leo ni hoteli, na wageni wanakunywa chai mahali ambapo habari za ng'ambo zilikuwa zikipokelewa. Mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy mwaka 2010, na hapo ndipo tulipoacha kulipia intaneti ya kobe kwa bei ya dhahabu. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga yote miwili ilikatika siku moja, huko kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Idi el Fitri ya mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili. Hebu pigeni picha kama ingekatika mwezi mmoja kabla. Kijana wa Muscat katuma fedha za nguo za watoto, mama yake yuko Kojani anaangalia simu, na katikati yao hakuna anayejua fedha ziko wapi.

Kuna kukatika na kuna kukatwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Siasa yake sitaiingia leo, tumetoka kuswali Idi tukapeana mikono na tusiokubaliana nao. Nasema la muuza duka tu: kwake yeye mtandao uliozimwa na uliokatika ni mmoja, mzigo umekwama na mteja kaondoka. Na tangu mwaka 2022 Serikali ya Zanzibar inayaita makampuni ya teknolojia ya Afrika yaje kukaa Fumba, kwa mpango wa Silicon Zanzibar. Ni mpango mzuri, naupenda. Mwenye mtaji akija atauliza kodi, atauliza vibali vya kazi, atauliza umeme. Na hilo la Oktoba ataliuliza.

Tena kuna mpaka tunaopita juu yake bila kuutazama. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, na posta na simu vile vile. Skuli, hospitali, umeme na mifumo ya ofisi zetu ni mambo ya Zanzibar. Kwa hiyo kompyuta ya hospitali ya Chake ina mwenyewe mmoja, na njia inayobeba taarifa zake ina msimamizi mwengine. Sisemi ni vibaya. Nasema walinzi hawa wawili wajuane kwa majina na namba za simu kabla ya siku ya shida. Jamaa zetu wa Mombasa watatueleza ilivyokuwa Julai 2023, eCitizen ya Kenya iliposhambuliwa. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali ziko mlango mmoja, na mlango huo umezibwa kwa msongamano wa makusudi. Sisi nasi tunajenga mlango mmoja. ZanID yako, kitambulisho cha Mzanzibari, ndiyo inayokufungulia karibu kila kitu, na malipo ya serikali yamehamia kwenye mifumo.

Habari ya ZanID imenikumbusha. Nimenunua njugu hapa Wete, nikafungiwa kwa karatasi, kuitazama ni kopi ya kitambulisho cha mtu: sura, jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Njugu zilikuwa nzuri. Lakini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ina tume yake, na bado kila ofisi inakudai kopi, kila duka la kutoa kopi linabaki na zile zilizoharibika, na zilizoharibika zinauzwa kwa kilo. Kamera za barabarani mjini zimegharimu fedha nyingi na mimi sizipingi. Hizo karatasi zingegharimu pipa na kiberiti.

Na matapeli hawahitaji zaidi ya hapo. Jina kamili na namba ya simu vinamtosha mtu kumpigia bibi yako na kumwita kwa jina la ukoo. "Ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeshaizoea, tunacheka. Anayekusalimia kwa Kipemba safi, akakuuliza hali ya mjomba wako aliyelazwa, kisha akakwambia kuna fedha imeingia kwako kwa makosa, huyo hatumcheki. Msimu wao ni huu wa mwisho wa Ramadhani, kila simu inalia, kila mtu anatuma na kupokea, na mtu aliyefunga saa 10 za jioni hana subira ya kusoma ujumbe mara mbili. Laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, zoezi likafungwa Januari 2020, tukadhani tumemaliza. Kumbe kuna mtu anasajili laini ya pili kwa kidole cha mzee asiyejua kusoma, akimwambia "bonyeza tena babu, haijakubali." Kwa hiyo leo, watoto wakishapewa sikukuu zao, mchukueni kijana mmoja akae na wazee wa nyumbani. Apige *106# katika simu zao aone kuna laini gani zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao. Meseji za kitapeli azipeleke 15040. Na namba ya siri waambiwe kwa upole kwamba haisemwi, hata kwa huyo kijana.

Hao vijana ndio ninaowataka zaidi katika salamu hizi. Wanatoka SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, wanatoka Taasisi ya Karume ya sayansi na teknolojia, wanajua kuunda mfumo wa duka, wa skuli, wa hoteli. Ukiwauliza nani kati yao anasomea kuulinda mfumo usivunjwe, kimya. Kosa si lao, kwani kuunda kunalipa na kulinda hakuna anayekuona mpaka siku umeshindwa. Mwenye hoteli atalipia tovuti, hatalipia mtu wa kuikagua. Ofisi itanunua kompyuta mpya kwa sherehe na mkasi wa utepe, na namba ya siri imebandikwa pembeni ya kioo kwa karatasi ya njano. Mimi ningependa kuona masheha, viongozi wetu wa mitaa, wanapoitwa kwenye semina za ulinzi wa shehia, waitwe na kijana mmoja wa kompyuta kutoka mtaani kwao, alipwe posho kama wengine, afundishe mambo haya kwa lugha ya nyumbani. Jeshi la Polisi lina kitengo chake cha makosa ya mtandao, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina TZ-CERT, timu yake ya kushughulikia mashambulizi ya mtandao, lakini hawawezi kufika Makangale kila bibi anapopigiwa simu. Kijana wa Makangale yuko pale pale, na sasa hivi yuko Tibirinzi kwenye kiwanja cha sikukuu amevaa kanzu mpya, bembea inamzungusha.

Basi kuleni, mzunguke kwa majirani, na mayatima msiwasahau. Mlioko mbali mnaotaka kutuma cha watoto, tumeni leo leo, maana wakala wetu hapa naye ni mtu, kesho Idi Pili anafunga duka anakwenda Konde kwa wakwe zake. Na aliyenikopa kabla ya Ramadhani kwa ahadi ya sikukuu, namba yangu ni ile ile, jina litatokea ndio abonyeze.

Minal aidina wal faizina. Idi Mubarak nyote.