Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Nani atawajua ndugu wa watoto hawa?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleykum.

Bibi yangu aliyenilea Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, hakusoma kitu ila Qur'ani. Lakini posa nyingi za mtaani zilipita kwake kabla mahari hayajatajwa. Wazee walikuja na swali moja tu: hawa hawajanyonya pamoja? Naye akifumba macho, akaanza: mama yake huyu alishikwa na homa ya uzazi, mtoto akapelekwa kwa fulani, akanyonya siku nne. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani. Mara mbili nilishuhudia posa ikirudishwa kwa neno la bibi. Watu walilia, lakini hakuna aliyebishana naye.

Kwa maziwa tu tulijihadhari namna hiyo. Leo katika kliniki zetu wasiopata mtoto wanapewa mbegu za wanaume na mayai ya wanawake wengine, yaani damu yenyewe, na sijamwona anayeshika hesabu.

Nasema niliyoyaona. Mimi na mume wangu tulitafuta mtoto miaka minane, tukauza kiwanja chetu cha Mtwapa, tukaenda Nairobi kupandikiza mimba. Ya kwanza ilishika, ikatoka wiki ya saba. Ya pili haikushika kabisa. Daktari, mtu mpole wa maneno, akatugeuzia kompyuta tuone orodha ya wachangiaji wa mbegu: nambari, urefu, kabila, kundi la damu, kiwango cha elimu. Nikamuuliza, huyu ana watoto wangapi mpaka sasa? Akanijibu, "Mama, hilo lisikusumbue." Mume wangu naye akauliza karatasi hizi mnaziweka miaka mingapi. Daktari akatazama saa yake.

Tulikataa, kwa ajili ya dini. Tangu 1980 Mufti wa Misri alishatoa fatwa kwamba yai la mke na mbegu ya mume wake, wakiwa ndani ya ndoa, si haramu kukutanishwa nje ya tumbo. Kinachokatazwa ni mtu wa tatu kuingia kati yao, kwa sababu nasaba itachanganyika. Nasaba ikichanganyika, mirathi itagawanywaje, na binti atajuaje nani mahram wake, yaani ndugu asiyeweza kuolewa naye? Maswali hayo hayaishii msikitini. Katiba yetu imewapa makadhi kesi za mirathi za Waislamu, na siku moja kesi ya namna hii itafika mezani kwao.

Sikuandikii ili serikali ituchagulie fatwa. Najua Iran wapo wanazuoni wa Kishia walioruhusu yai la mchangiaji. Najua Kanisa Katoliki tangu 1987 linakataa njia hii yote, hata kwa mume na mke wa ndoa. Kila mmoja atajibu kwa Mola wake. Lakini watoto wapo tayari. Wa kwanza kuzaliwa kwa mimba iliyotungwa nje ya tumbo hapa Kenya walizaliwa 2006, na tangu hapo kliniki zimeongezeka. Mtoto aliyetokana na mchangiaji hakuulizwa kitu. Simwiti haramu, na sitaki kumsikia mtu akimwita hivyo.

Shoga yangu mmoja alikubali pale nilipokataa mimi. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake. Mwanawe ana miaka tisa, mrefu, ana vidole vyembamba ambavyo havipo kwa baba wala kwa mama. Idi iliyopita tulikuwa tumekaa ukumbini kwao, shangazi mmoja akamshika kidevu mtoto, akasema, "Huyu kamtokea nani jamani?" Hakuwa na nia mbaya, ni maneno ya kila siku. Shoga yangu akainamia birika, akaendelea kumimina kahawa mpaka kikombe kikafurika kikamwagikia kwenye sinia. Mume wake akasema, "Kamtokea babu yangu," akamwita mtoto aje akae karibu naye. Yule baba anampenda mwanawe kuliko baba wengi ninaowajua. Shida yao si mapenzi. Mwaka jana mama alipiga simu kliniki alikopandikizwa, kutaka kujua kama kwao mchangiaji kuna sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akaambiwa daktari aliondoka, faili za zamani hazionekani.

Wazee wetu walishajua kwamba mtoto anaweza kupatikana kwa njia ya mzunguko. Kwa Wakurya mwanamke aliyekosa mtoto huoa mke amzalie. Lakini hayo hufanyika mchana, mahari ya ng'ombe yakatolewa, ukoo mzima ukajua mtoto ni wa nyumba gani na katoka wapi. Kinachonitisha kwenye kliniki ni ile nambari isiyo na mtu nyuma yake.

Huko Uholanzi, mwaka 2023 mahakama ya The Hague ilimpiga marufuku mwanamume mmoja kuendelea kutoa mbegu, baada ya kuonekana amezaa watoto wasiopungua 550. Na hiyo ni nchi yenye utaratibu. Uingereza wanasimamisha mbegu za mtu mmoja kwenye familia 10, na kwa mbegu au mayai yaliyotolewa kuanzia Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 ana haki ya kuuliza jina la mchangiaji akaambiwa. Sisi mji wetu ni mdogo, mheshimiwa. Watoto wa Mombasa wanakutana madrasa, wanakutana ufukweni Mama Ngina, wanakutana chuoni, wanapendana.

Kwa zaidi ya miaka kumi Mheshimiwa Millie Odhiambo amehangaika bungeni na mswada wa uzazi wa kusaidiwa. Sheria ni kazi ya Bunge, lakini kanuni hutoka ofisini kwako, na mimi nazungumzia kanuni. Naomba daftari moja la taifa, lisilo mali ya kliniki yoyote, ambalo halifi daktari akihama. Ndani yake aandikwe kila mchangiaji kwa jina lake na kitambulisho chake, pamoja na wasichana wa vyuo wanaodungwa sindano za homoni siku kwa siku ili watoe mayai. Nao ni watoto wa watu, waandikwe wamevunwa mara ngapi. Iwekwe idadi ya mwisho ya familia kwa kila mchangiaji. Watu wawili wakitaka kuoana, waweze kuuliza kwa siri kama wana undugu, wajibiwe ndiyo au la. Na mtoto akitimiza miaka 18, akitaka kujua, aambiwe. Kenya ilishakubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990, na kifungu cha 7 kinasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana.

Watakuambia wachangiaji watakimbia wakijua watatajwa. Wengine watakimbia, kweli. Nimeishi miaka minane ya kungoja mtoto, najua maana ya kumwambia mwanamke angoje zaidi. Hata hivyo nasema, asiyekuwa tayari kujulikana na mwanawe asitoe.

Mwana wa shoga yangu amebakisha miaka tisa kufika 18. Faili lake linaweza kuwa bado lipo kwenye boksi mahali fulani Nairobi. Naomba utume watu wakazitafute faili hizo sasa, kliniki kwa kliniki, kabla hazijatupwa.

Wako mwananchi,
Mama wa Kibokoni, Mombasa