Shosti, anza na hofu ya wazazi

Shosti wangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma, nikaona nikijibu kwa simu ntaishia kukutumia vipande vipande, bora nikuandikie barua nzima usome ukiwa umetulia. Nimefurahi mno umekubali kukaa na wale wazazi wenye watoto wa mwaka 1 mpaka 3 uongee nao habari ya kula na kucheza kwa watoto wao, manake wengi wakipewa hiyo kazi wanaenda na karatasi yenye picha ya sahani ya rangi rangi, wanasoma, wanaondoka, na mzazi anarudi kwa mtoto wake yule yule anayefunga mdomo akiona tu kijiko kinakuja.

Mimi nakuomba uanze na hofu. Kabla hujataja mboga wala tunda. Karibu kila mama atakayekaa mbele yako (na baba pia, akina baba wanaogopa ila hawasemi) anaumizwa na jambo moja, mtoto alikuwa anakula vizuri tu, kafika mwaka na kidogo, kagoma. Anawaza labda anaumwa, labda mimi ndo sijui kulisha, na ndugu wakija wanamtazama mtoto wanasema huyu mbona kakonda hivi. Sasa we mwelezee kinachoendelea kwenye mwili wa mtoto, maana ukishalijua hili unalala usingizi. Mwaka wa kwanza mtoto anakua kwa kasi ambayo haitajirudia tena maisha yake yote, akifikisha mwaka uzito wake unakuwa karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao, yani aliyezaliwa na kilo 3 anakaribia 9. Mwaka wa pili wote anaongeza kama kilo 2 hadi 3 basi. Kasi imeshuka, njaa nayo ikashuka, hamna maajabu. Na kwenye umri huo huo, mwaka na nusu kuelekea miaka 2, ndo anaanza kukikataa chakula asichokizoea, hata kile alichokuwa anakifurahia akiwa na miezi 8 anakitoa mdomoni anakuangalia usoni. Ni hatua ya ukuaji, wengi wanaipitia, na kwa wengine inachukua miaka kuisha.

Lakini usiwape moyo mpaka wakapuuza ugonjwa. Mtoto anayepungua uzito, aliyelegea hataki hata kucheza, anayetapika mara kwa mara au anayepaliwa kila akila, huyo apelekwe kliniki haraka. Kwa wengine waambie waangalie chati ya ukuaji, mstari ukiwa unapanda vizuri basi chati iaminiwe kuliko maneno ya jirani.

Kwanini nang'ang'ania hofu, kwa sababu mzazi mwenye hofu ndo anayemkimbiza mtoto nyumba nzima na bakuli mkononi, ndo anayemshika kichwa amsukumie kijiko, anamwekea katuni ili afungue mdomo bila kujua anakula nini, anamwambia maliza mboga nikupe pipi. Anafanya kwa mapenzi kabisa, na hakuna hata kimoja hapo kinachomfundisha mtoto kupenda chakula. Ile ya pipi ndo inaniuma zaidi, maana mtoto ana akili, anaelewa moja kwa moja kwamba mboga ni adhabu ya kuvumilia na pipi ndo zawadi yenyewe. Na aliyelishwa macho yakiwa kwenye katuni hasikii tumbo lake likisema nimeshiba.

Kuna mgawanyo wa kazi ambao mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliueleza miaka mingi iliyopita na mimi sijaona mwingine rahisi kumwelezea mzazi kama huu. Mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Basi. Hapo utaulizwa tu, na asipokula kabisa je? Jibu ni kwamba tumbo lake ni dogo, anapata milo 3 na vitafunwa kama mara 2 katikati, yani kila baada ya saa 2 au 3 kuna nafasi nyingine, akikataa hii hiyo ingine haiko mbali. Sahani inaondolewa bila kelele, bila kumpikia kingine cha kumbembeleza. Wakae wanaangalia wiki nzima, wasihesabu mlo mmoja mmoja, maana mtoto wa umri huu leo anakula kama ana wageni tumboni kesho anaonja tu.

Alafu waulize kinachoingia katikati ya milo, hapo ndo utakuta majibu mengi. Unakuta mtoto hali chakula ila ana chupa ya maziwa mkononi tangu asubuhi, na juisi, na biskuti ya kumnyamazisha, sasa njaa itoke wapi. Maziwa ni mazuri, ila maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayejaza tumbo maziwa tu anaweza kuishiwa damu. Kwa aliyevuka mwaka na hanyonyi tena vikombe 2, kama nusu lita kwa siku, vinatosha. Anayenyonya aendelee, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mpaka miaka 2 na zaidi. Juisi hata ile ya matunda halisi, madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2017 walisema chini ya mwaka 1 asipewe kabisa, na kuanzia mwaka 1 mpaka 3 isizidi mililita 120 kwa siku, kwahiyo bora tunda lenyewe na kiu ikatwe na maji.

Kwenye chakula kipya waombe uvumilivu, tena waombe haswa. Tafiti zimeonyesha mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula mara 8 mpaka 15 ndo akikubali, na wazazi wengi wanakata tamaa mapema mno wanasema huyu hapendi karoti. Waweke kidogo sana, hata kijiko cha chai, pembeni ya kitu anachokipenda, wasiseme "onja onja", na wao wakile mbele yake kwa raha zao. Akikigusa, akikinusa, akikilamba akatema, hiyo yote ni kujifunza, sio kushindwa.

Sasa kucheza. Wengi watadhani ni mada ingine, kumbe ni ile ile, aliyeruka siku nzima anafika mezani na njaa yake mwenyewe na usiku anazimika. WHO mwaka 2019 walitoa mwongozo, mtoto wa kuanzia mwaka 1 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Ukisema masaa 3 watashtuka, we waambie zinahesabika kidogo kidogo, kusukuma boksi, kupanda na kushuka ngazi ameshikwa mkono, kucheza muziki, kubeba nguo kukusaidia, kukimbizana. Akifika miaka 3 na 4, katika hizo 180 angalau 60 ziwe za kumtoa jasho. Asikae amefungwa kwenye kigari, kiti au mgongoni zaidi ya saa 1 kwa mkupuo. Skrini kwa wa mwaka 1 hapana, kuanzia miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni vizuri zaidi. Usingizi, wa mwaka 1 hadi 2 masaa 11 mpaka 14 ukijumlisha wa mchana, wa 3 na 4 masaa 10 mpaka 13.

Hapa naomba useme na hili kwa upole, sisi watu wazima tunamsifu sana mtoto aliyetulia. Tulia, kaa chini, acha kuruka, alafu akishakaa na simu mkononi masaa tunasema mtoto ana adabu. Mtoto wa miaka 2 anayeruka kwenye kochi yuko sawa kabisa, anajenga misuli na anajifunza kusimama bila kuanguka, kinachotakiwa ni kumwondolea vitu vya hatari na kumpa nafasi. Midoli ya gharama haihitajiki, anayehitajika zaidi ni mtu mzima wa kukaa naye sakafuni dakika kadhaa simu ikiwa mbali.

Usiondoke hapo bila kuwaambia habari ya kupaliwa, hata kama muda umeisha. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu, karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vigumu vya karoti mbichi wasipewe walio chini ya miaka 4, na mtoto ale amekaa, sio anakimbia na chakula mdomoni.

Ukishaonana nao niandikie walikuuliza nini, hasa wale wanaoishi na bibi na mashangazi wanaolisha kwa nguvu, maana hao mzazi hawezi kuwabishia peke yake na nataka tufikirie pamoja utamsaidiaje.

Wako nikupendaye sana.