Mwanangu, usiku mjukuu wangu analala na nani?

Mwanangu,

Dada yako ameniambia umehamishiwa zamu ya usiku mnakopakia maua. Sina neno na kazi yako. Karo ya mdogo wako uliimaliza wewe, na baba yako anakutaja hadi kanisani. Lakini nilipokuuliza wajina wangu analala na nani, ulinijibu, "Majirani wapo." Majirani gani?

Umenitajia kijana wa mwenye ploti anayemnunulia mandazi na kumwambia asiseme. Ukalipita hilo, ukaingilia habari ya kodi. Mimi sijalipita. Mtu mzima ana siri gani na mtoto wa miaka sita? Muulize mtoto polepole mkiwa wawili tu, na akisema chochote usimkemee. Wewe una haraka ya kukemea.

Usimfungie na kufuli pia. Najua wengi hapo Karagita, Naivasha, hufanya hivyo. Taa ikianguka, nani atamfungulia?

Huku kijiji cha pili mtoto ameharibiwa na mtu wa ukoo wake. Wazee walikaa wakapanga ng'ombe na pesa kidogo yaishe. Mama mtoto akakataa, akaenda kwa naibu wa chifu, na nimempenda kwa hilo. Sheria ya Kenya ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini afungwe maisha. Wazee hawana ruhusa ya kumaliza kesi kama hiyo. Ila mama huyo alikuwa amekwisha kumwogesha mtoto na kufua nguo, kwa uchungu tu, hakuna aliyemwambia.

Basi wewe ujue la kufanya likimpata wako, Mungu apishe mbali. Usimwogeshe. Nguo alizovaa ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki. Nenda hospitali mara moja, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72 kupita. Polisi nao waandikishe. Ukikwama piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana. Namba hiyo mfundishe na mtoto.

Shangazi yako yuko papo hapo Karagita na hamsalimiani kwa sababu ya deni la sufuria na godoro. Deni hilo nitalilipa nikiuza mahindi. Nenda kwake leo, umwombe mtoto alale huko siku za zamu. Ana ulimi mkali, lakini watoto wa watu amelea na hakuna aliyelia mikononi mwake.

Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Bati la jikoni bado linavuja. Usitume pesa ya bati kabla ya hili kutulia. Shangazi akikataa, niambie kabla ya Ijumaa nije nimchukue mtoto, hapa shule ipo. Nataka jina la mtu, si "majirani".

Mama yako