Swali Litangulie Jibu Katika Somo la Jiografia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ufundishaji wa jiografia kwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14, ambao bado hawajachoka kuuliza "kwa nini" na tayari wanaweza kusoma ramani. Katika madarasa mengi somo hili limebaki kuwa la kukariri majina ya mito na miji mikuu, na aliyeyakariri hupata alama zote hata kama hawezi kueleza kwa nini mji fulani ulikua pale ulipo.

Tuchukue ramani ya dunia ya mchoraji ramani Mercator ya mwaka 1569, ambayo nakala zake bado zimetundikwa madarasani. Humo Greenland inakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.2 hivi. Mwalimu anaweza kuitaja tofauti hiyo kwa sentensi moja na kuendelea. Lakini akiweka tufe kando ya ramani, akawagawia wanafunzi uzi wapime nchi hizo kwenye vyote viwili, kisha akanyamaza (na kunyamaza ndiko kunakotushinda walimu wengi), watagundua wenyewe kwamba ramani hiyo huzidi kuzitanua nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta. Hapo huzuka swali gumu zaidi: mbona ilichorwa hivyo? Jibu liko kwa mabaharia, waliohitaji ramani ambayo mstari mnyoofu hufuata mwelekeo mmoja wa dira.

Wapo wanaodai kwamba njia hii ni kumwachia mtoto apapase gizani. Sikubaliani nao, kwa sababu ni mwalimu anayechagua swali na kuandaa takwimu. Vifo vya kipindupindu ambavyo daktari John Snow aliviweka kwenye ramani ya Soho, London, mwaka 1854, vinatosha kwa vipindi viwili: wanafunzi wabaini jinsi vilivyosongamana karibu na bomba la maji la Broad Street, kisha waeleze kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walinusurika.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni mtihani, kwa kuwa hakuna mwalimu atakayetumia vipindi viwili kwa swali moja ikiwa karatasi ya mwisho inadai orodha ya majina. Watungaji wa mitihani wampe mtahiniwa ramani asiyowahi kuiona, wamtake atoe hoja moja na kuitetea kwa ushahidi uliomo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa jiografia