Fomu ya kujiunga kidato cha tano iongezwe ukurasa mmoja

Ndugu mhariri, naomba nafasi niseme hili la kidato cha tano na sita, maana linaniuma.

Binti wa dada yangu alisoma kombi ya HGL, yani historia, jiografia na Kiingereza. Matokeo yalivyotoka akanipigia, mjomba nimepata divisheni thrii ya pointi 14, rafiki yangu kapata thrii ya 15, nimempita! Nikafurahi na mimi. Kuja kwenye kuomba vyuo, rafiki anaonekana ana sifa za digrii, huyu wangu hana. Akaja nyumbani na simu mkononi ananiuliza imekuwaje, sikuwa na jibu, ikabidi tukae chini na karatasi.

Iko hivi. Baraza la mitihani linapiga divisheni kwa masomo matatu ya kombi, A ni pointi 1, B ni 2, mpaka E ni 5, S ni 6 na F ni 7, kwahiyo mwenye pointi chache ndio kafaulu zaidi, 3 mpaka 9 ni divisheni wani, 13 mpaka 17 ni thrii. TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, wao wanageuza, A ni 5 na E ni 1, na kigezo cha chini cha digrii ni masomo mawili yanayohusika na kozi yafikishe pointi 4. Binti ana D ya historia na E mbili, kwa baraza ni 14, kwa TCU ni 2 na 1, jumla 3, kaishia hapo. Rafiki ana D mbili na F moja, kwa baraza ni 15, kwa TCU 2 na 2 ni 4, kapita. Yani aliyepata F ana mlango na aliyefaulu yote matatu hana!

Sisemi hesabu ibadilishwe, chuo kinataka mtu aliyeshika vizuri masomo ya kozi yake, hilo naelewa. Ila miaka miwili anaimbiwa divisheni, divisheni, hakuna aliyemwambia kwamba D inaanzia 50 na hiyo D ya pili ndio ingemvusha. Hata kwamba GS, somo la General Studies, ni lazima ila haiingii kwenye divisheni alikuja kujua yuko form six, na wenzake wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) waliobeba na BAM, somo la hesabu za msingi ambalo nalo haliingii, hivyo hivyo.

Mwaka 2024 tahasusi, yani hizo kombi, zilivyoongezwa kutoka 16 mpaka 65 tulitangaziwa sana, na watoto wanaruhusiwa kubadili kombi mtandaoni kabla ya kupangiwa shule, lakini wanabadili kwa kufuata marafiki kwa sababu hesabu ya mwisho hawaijui.

Ombi langu kwa wizara na wakuu wa shule ni dogo. Fomu ya kujiunga inaorodhesha mpaka fagio, ndoo na jembe. Iongezwe ukurasa mmoja wenye hizo hesabu mbili, ya baraza na ya TCU, zikae upande kwa upande, na mwalimu azipitie na wanafunzi wiki ya kwanza kabisa.

Binti yetu amejaza diploma wiki iliyopita, tunasubiri majibu.

Mjomba mtu,
Morogoro